Bembezi ya Wapokomo na Mafunzo ya Wimbo

Mwalimu wa Ngao anayefundisha nyimbo ana mfano mlangoni pake. Mwaka wa 1963 jopo walimokuwamo Graham Hyslop na Thomas Kalume lilichukua mahadhi ya bembezi ya Wapokomo, likayatilia maneno mapya. Ukazaliwa wimbo wa taifa la Kenya. Mama humwimbia mtoto mmoja, akimtikisa taratibu. Raia huimba wima, hawatikisiki. Mahadhi ni yale yale, utanzu umebadilika. Mtahiniwa anayeainisha wimbo kwa mahadhi pekee hupotea.

Darasani tuchukue bembezi nyingine (wimbo wa taifa tusiuchezee), wanafunzi waitilie maneno ya ngeli, kisha waulizwe: nani anaimba, anamwimbia nani, amekaaje? Ila waanze na bembezi yenyewe, kwa Kipokomo. Wako walioisikia gwarideni tu.