Kanuni, Glavu na Akili: Mabadiliko ya Mitindo ya Ndondi

Wapenzi wa ndondi hapa Uganda wakikutana, hawakosi kubishana iwapo mabondia wa zamani walikuwa bora kuliko wa leo. Wazee humtaja Muhammad Ali na kutaka mjadala uishe hapo. Vijana humjibu kwa Floyd Mayweather, aliyepigana mara 50 katika ndondi za kulipwa na kushinda zote. Mimi naona ubishi huo una kasoro, kwa kuwa unachukulia kwamba watu hao walicheza mchezo mmoja. Katika insha hii ninatetea hoja mbili. Kwanza, mtindo wa bondia hufuata kanuni na vifaa vya zama zake. Pili, sifa ya kutumia akili ulingoni haikugawiwa kwa haki, na sisi Waafrika tuna sababu ya kulichunguza jambo hilo.

Tuanzie Uingereza. Mwaka 1743 Jack Broughton alitunga kanuni za kwanza za ndondi zinazojulikana kwa maandishi. Watu walipigana mikono mitupu. Raundi haikupimwa kwa dakika bali iliisha mmoja alipoanguka, naye alipewa nusu dakika ya kurudi katikati ya ulingo. Kumkamata mpinzani juu ya kiuno na kumwangusha kuliruhusiwa. Katika hali hiyo bondia alisimama wima, kichwa amekirudisha nyuma na mikono ameitanguliza mbali na uso. Hakurusha ngumi nyingi kichwani, maana fuvu ni gumu na vidole huvunjika. Subira ilikuwa silaha kubwa: mwaka 1889 John L. Sullivan alihitaji raundi 75 kumshinda Jake Kilrain.

Kanuni za Queensberry za mwaka 1867 zilileta mchezo mwingine kabisa. Ziliagiza glavu, raundi za dakika 3, mapumziko ya dakika 1 na hesabu ya hadi 10 kwa aliyeanguka, tena zikapiga marufuku mieleka. Wengi hudhani glavu zililetwa ili kukilinda kichwa. Kwa kweli zilichokilinda zaidi ni mkono wa mpigaji, na mkono uliolindwa ukapata uhuru wa kukipiga kichwa mara nyingi zaidi. Papo hapo glavu zikawa ngao ya kujifunika uso. Miguu nayo ikapata kazi mpya, kwa sababu hapakuwa tena na hofu ya kukamatwa na kubwagwa. Tarehe 7 Septemba 1892, mjini New Orleans, James Corbett alimzungukazunguka Sullivan, akamchosha, akamwangusha katika raundi ya 21. Magazeti yalimsifu Corbett kuwa mtaalamu aliyeifanya ndondi kuwa sayansi.

Hapa ndipo hoja yangu ya pili inapoanzia. Mwaka 1908, mjini Sydney, Jack Johnson alimshinda Tommy Burns na kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Johnson alipigana kwa kujihami. Alizidaka ngumi kwa glavu zilizofunguliwa, akaibana mikono ya mpinzani, akasubiri achoke ndipo amwadhibu. Kimsingi hiyo ilikuwa njia ileile ya Corbett, ya kumshinda mtu kwa kumfanya apige hewa. Lakini waandishi wengi wa wakati ule waliiita uvivu, hila au woga. Mtindo ulikuwa wa jamii moja, ila rangi ya mwenye mtindo ilibadilisha jina lake. Mwanafunzi wa historia anayesoma magazeti ya zamani lazima ajiulize anasoma habari za ngumi au habari za mwandishi.

Nikiwa na swali hilo ndipo ninapolitazama pambano la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba 1974. Ali alikuwa na miaka 32, George Foreman 25. Foreman alikuwa hajashindwa katika mapambano 40, na Joe Frazier na Ken Norton, waliowahi kumshinda Ali, wote walikuwa wameanguka mbele yake kabla ya raundi ya pili kwisha. Ali aliegemea kamba, akajifunika kwa glavu na viwiko, akamwacha Foreman apige mpaka mikono ikawa mizito, akamwangusha katika raundi ya 8. Watu husimulia kana kwamba ulikuwa muujiza. Mimi naona hesabu: glavu zikawa ngao, kamba zikawa mgongo, na saa ikawa rafiki. Bila kanuni za Queensberry mbinu hiyo isingewezekana.

Mabondia wetu wenyewe wanathibitisha kwamba hakuna kitu kimoja kiitwacho ndondi ya Kiafrika. Ayub Kalule, mwenye mkono wa shoto, aliyepigana kwa utulivu na mpangilio, alitwaa ubingwa wa dunia wa WBA mwaka 1979. John Mugabi, aliyepata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikuwa kinyume chake. Kabla ya kukutana na Marvin Hagler mwaka 1986, mapambano yake yote ya kulipwa aliyashinda kwa nokauti. Wote wawili ni Waganda. Atakayesema mmoja ndiye bondia halisi wa Kiafrika itabidi atuambie mwingine alitoka wapi.

Mabadiliko hayakukoma hapo. Mwaka 1982 Mkorea Kim Duk-koo alifariki baada ya kupigana na Ray Mancini, na mapambano ya ubingwa yakaanza kupunguzwa kutoka raundi 15 hadi 12. Tusione raundi 3 kuwa jambo dogo. Mwaka 1981 Sugar Ray Leonard alikuwa nyuma kwa pointi kwa waamuzi wote watatu kabla ya kumshinda Thomas Hearns katika raundi ya 14. Kwa kanuni za leo angekwenda nyumbani ameshindwa. Bondia wa sasa hana muda wa kuchosha mtu taratibu, kwa hiyo huanza kukusanya pointi mapema.

Kwa hiyo nikiulizwa nani bora, mimi huuliza kwanza: kwa kanuni zipi, kwa glavu zipi, kwa raundi ngapi? Kisha huuliza nani aliyetuandikia habari zake. Maswali haya hayampunguzii Ali sifa wala hayamdharau Mayweather. Yanatusaidia kumpa Johnson, na Kalule wetu, neno walilostahili tangu mwanzo: akili.