Ndoa ya Nyamgondho: Mali ya Mke na Kanuni ya Mahari katika Mwambao wa Gwassi

Ngano ya Nyamgondho mwana wa Ombare, isimuliwayo na Wajaluo wa mwambao wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, aghalabu huchukuliwa kuwa hadithi ya kukanya ulevi na utovu wa shukrani. Fasiri hiyo si ya uongo, lakini imeacha jambo ambalo msikilizaji wa zamani hakuhitaji kuelezwa: Nyamgondho alikuwa fukara aliyeoa utajiri, na hakuutolea mahari.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mvuvi maskini wa Nyandiwa, katika nchi ya Gwassi, alivuta mtego wake akakuta hakunasa samaki bali kikongwe mwenye jicho moja. Kikongwe akamsihi asimtupe. Akapelekwa nyumbani, akawa mke. Tangu siku hiyo zizi likajaa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nyamgondho akaoa wake wengine, akawa mtu wa karamu na pombe. Usiku mmoja akarudi amelewa, akakuta lango limefungwa, akamtukana yule bibi kwa kumkumbusha alikotolewa. Bibi akaondoka kurudi ziwani, na mifugo yote ikamfuata mpaka majini. Nyamgondho alibaki ufukoni ameegemea fimbo yake, akageuka mti. Wenyeji wa Nyandiwa huonyesha alama katika miamba, wakisema ni nyayo za ng'ombe wale.

Ili kuipima hukumu hiyo hapana budi kuitazama desturi. Kwa Wajaluo ndoa hukamilika kwa ng'ombe waitwao dhok keny, watokao kwa ukoo wa mume kwenda kwa ukoo wa mke. E. E. Evans-Pritchard, aliyezuru nchi yao mwaka 1936, aliandika juu ya desturi hizo katika makala ya mwaka 1950. Ng'ombe hao ndio wampao mume haki juu ya watoto, na ndio wanaoweza kudaiwa warejeshwe ndoa ivunjikapo. Katika ngano mkondo umegeuka. Ng'ombe wametoka upande wa mke. Hapana mkwe aliyepokea chochote, wala hapana jagam, yaani mshenga, aliyetumwa. La ajabu zaidi, na wasimulizi hulipita haraka, ni kwamba wale wake wengine yaelekea walitolewa mahari kwa ng'ombe wa bibi huyo huyo. Basi alipoondoka na mifugo hakuchukua ila chake. Kinachoonekana kuwa muujiza ni talaka, na hesabu yake imefungwa barabara.

Kiswahili kina kejeli yake kwa hali kama hiyo: mwanamume huoa na mwanamke huolewa, lakini mume ahamiaye nyumbani kwa mke tajiri husemwa kwamba "ameolewa". Dholuo haikupita njia ya kitenzi. Neno lake ni jadak, mkaaji, likipambanishwa na wuon lowo, mwenye ardhi. Si kila jadak ni mume wa binti wa wenyeji. Wengine ni wapwa, au marafiki waliohamishwa na njaa au ugomvi. Lakini mkwe akaaye kwa wakwe ni jadak, hata akizeekea hapo. Hulima kwa hisani. Ardhi ya Nyanza ilipoanza kupimwa na kuandikishwa, chini ya sheria ya usajili ya mwaka 1963, hisani haikuwa na mahali pa kuandikwa katika hati.

Ngano haina tarehe, wala haifai kutafutiwa. Yatosha kukumbuka kwamba sotoka ya miaka ya 1890 iliwateketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki, na kwamba reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Baada ya hapo kijana asiyerithi zizi aliweza kujitafutia keny kwa mshahara, bandarini au mashambani mwa walowezi. Maskini akapata njia ya kupanda isiyopitia kwa mke.

Limebaki jambo moja, nalo lawahusu hasa wanaisimu. Watu wa Gwassi, kama wale wa visiwa vya Rusinga na Mfangano, kwa asili ni Wasuba, wasemaji wa lugha ya Kibantu, ambao mapokeo yao husema walivuka kutoka upande wa Uganda. Walijikuta jirani na Wajaluo, watu wengi kuliko wao na wenye fahari ya ng'ombe. Wanaume wa Kisuba wakaoa kwa Wajaluo, na mama akalea watoto kwa Dholuo. Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo, waliochunguza namna Wasuba walivyoiacha lugha yao, wameitaja ndoa miongoni mwa sababu zake. Hapa mke hakuondoka na alichokuja nacho. Olusuba imesalia zaidi Mfangano. Huko Gwassi, kilikozaliwa kisa cha Nyamgondho, ngano husimuliwa kwa Dholuo, na mvuvi yule huunganishwa na jina la baba yake kwa neno la Kijaluo, wuod.