Jioni za Kuwakumbuka Waliofungua Mashamba



Kamati ilipotuomba sisi walimu tuandike habari za mababu kwa toleo hili la kumbukumbu, tulianza kwa kuwauliza watoto wa darasa la nne swali jepesi: kwenu ni wapi? Wengi walitaja namba ya kitalu. Mmoja alitaja namba ya kadi ya mgao ya mama yake, yote, bila kukosea. Tulicheka, kisha tukanyamaza. Ndipo zilipoanza jioni ambazo sasa familia nyingi za hapa zinazijua.

Tuanze na vilima vyenyewe. Nyakabuye ni sehemu ya nchi ya kale iliyoitwa Kinyaga. Koo zake zilitoka pande nyingi: Nduga, Gisaka, Ndorwa, nyingine Burundi, nyingine Bushi na kisiwa cha Ijwi, ng'ambo ile tuliyotoka sisi. Katika sehemu hizi za magharibi, aliyefyeka msitu kwanza aliitwa umukonde, na ardhi yake ubukonde. Aliyefika baadaye alimwendea, akaomba mahali pa kulima, akalipa kwa pombe na kwa kazi. Huyo ni umugererwa. Pembezoni mwa msitu wa Nyungwe zilikuwapo falme ndogo mbili, Bukunzi na Busozo. Wafalme wa Bukunzi walisifika kwa kuita mvua. Mfalme Ndagano alifariki mwaka 1923, Wabelgiji wakaleta askari, na kufikia 1926 falme zote mbili zilikuwa zimefutwa. Miaka ya 1970 mwanzoni, mwanahistoria Catharine Newbury alipita katika Kinyaga akiwasikiliza wazee, na kitabu chake kikatoka 1988. Tunalitaja hili kwa sababu wazee wetu husema maneno yao si historia. Ni historia, ila lazima mtu akae na kuyaandika.

Mababu wa wengi wetu nao walifyeka, lakini upande wa Kivu. Wengine walikuwa kule tangu kabla ya mipaka ya Wazungu. Wengine walipelekwa: mwaka 1937 Wabelgiji walianza mpango wa kuwahamisha Wanyarwanda kwenda Gishari, katika Masisi, kwa sababu ya njaa na wingi wa watu, na pia kwa sababu mashamba ya walowezi yalihitaji mikono. Hadi 1955 walikuwa wamehamishwa watu wanaokadiriwa kuwa 85,000.

Babu alifika lini? Swali hili lingekuwa la kupitisha jioni tu, kama sheria zisingelichukua. Sheria ya 1972 ya Zaire iliwapa uraia waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya 1 Januari 1950. Sheria ya 1981 ikaubatilisha, ikadai ukoo uwe ulikuwa ndani ya mipaka tangu 1 Agosti 1885. Ile ya 2004 ikarudi kwenye mwaka wa uhuru, 1960. Babu yuleyule, kaburi lilelile, na mara tatu wajukuu wake wakahesabiwa upya. Kwa hiyo mtoto anayejua hadithi ya babu yake anajua kitu kizito, hata kama alikipata akicheza.

Na kweli tunacheza. Familia mbili au tatu hukusanyika baada ya chakula. Mzee akisema "Sakwe sakwe!" watoto hujibu "Soma!" Wale waliozoea Kiswahili hudakia "Kitendawili!" "Tega!" na hakuna anayegombezwa. Baada ya vitendawili huja kutaja ukoo: mtoto husimama, anataja baba, babu, baba wa babu, na kuendelea hadi akwame. Aliyekwama humgeukia bibi. Tumeongeza upande wa mama, ingawa wazee wawili walinung'unika kwamba si desturi. Wakati huo wanaume huwa wamekwisha kutoroka kwenye igisoro, yaani bao, nao huko hukumbushana majina ambayo hawakuyakumbuka mbele ya watoto.

Mchezo wanaoupenda zaidi ni kutafuta mwaka. Bibi hasemi 1943. Anasema "wakati wa Ruzagayura", na mtoto anatafuta ubaoni: njaa ya Ruzagayura ilikuwa 1943 na 1944, ya Rwakayihura 1928 na 1929. Waliopita Sake hutaja moto wa Nyamulagira ulioteremka hadi ziwani. Hiyo ni 1938 hadi 1940. Kwa njia hii mtoto wa miaka kumi alituonyesha kwamba babu yake alifika mapema kuliko baba yake alivyodhani.

Mwezi wa Agosti tunafanya umuganura, sikukuu ya mavuno ya kwanza. Mwaka 1925 Wabelgiji walimpeleka uhamishoni Burundi Gashamura, mkuu wa ibada hiyo katika baraza la mfalme. Rwanda iliirudisha kitaifa mwaka 2011. Sisi hatuna shamba. Tunapika uji wa mtama, na mtama usipopatikana, uji wa mahindi (mababu watatusamehe), na watoto wadogo wanakunywa kwanza. Wachungaji walituuliza kama tunatambikia mizimu. Tuliwaalika. Walikuja, na mmoja wao alikwama kwenye babu wa tatu.

Majibu yote tunayaandika katika daftari la shule. Kila familia ina ukurasa wenye maswali manne: alitoka wapi, alifika wakati gani, alilima nini kwanza, na alimkuta nani. Swali la nne hatukulitunga sisi. Jioni moja bibi wa kitalu cha juu alikuwa akisimulia jinsi mumewe alivyofyeka Gishari, pori tupu, na mjukuu wake wa kike akauliza, "Bibi, hapakuwa na mtu?" Bibi alikaa kimya kidogo. Akasema walikuwapo Wahunde, na kwamba mama mmoja wa Kihunde ndiye aliyempa mafundo ya kwanza ya mashina ya viazi vitamu, wakati wao walikuwa hawana hata jembe. Jina lake analikumbuka. Mtoto akaomba kalamu, akaliandika juu kabisa ya ukurasa, kabla ya jina la babu.

Daftari liko kwa mwalimu wa zamu. Jioni ijayo ni Ijumaa, darasa la tatu, na wazee wapewe viti.