Umebadili siling bodi na sasa taa zinagoma? Angalia haya kabla ya kulaumu TANESCO

Kidatu ni nyumbani kwa umeme. Mitambo ya bwawa lililoko Mto Ruaha Mkuu ilianza kuzalisha mwaka 1975, na leo ina uwezo wa megawati 204. Lakini hata ukiishi jirani na mitambo hiyo, taa ya sebuleni inaweza kukugomea kwa sababu ya waya mmoja tu uliorudishwa pasipo pake.

Joto la bonde la Kilombero huwafanya wengi kuweka siling bodi au jipsam chini ya bati. Mwenye nyumba anafungua taa mwenyewe, anapiga bodi, anarudisha taa. Hapo ndipo shida inapoanza. Na kumbuka, waya za ndani ya nyumba ni jukumu lako, si la TANESCO.

Kwanza, zima meni swichi

Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Kwenye nyumba nyingi waya wa moto hupita juu ya dari kabla ya kushuka kwenye swichi, kwa hiyo taa ikiwa imezimwa, juu bado kuna volti 230. Zima meni, kisha hakikisha kwa tesita uliyoijaribu kwanza sehemu yenye umeme.

1. Taa haizimiki, na ukibonyeza swichi breka inakata

Hili ndilo kosa kubwa. Umekuta waya nyekundu tatu na nyeusi tatu, ukaunganisha nyekundu zote pamoja na nyeusi zote pamoja. Inaonekana sawa, kumbe sivyo. Nyeusi moja si nyutro, ni waya unaorudi kutoka kwenye swichi. Huo unatakiwa ukae peke yake, uende kwenye taa tu. Ukiuchanganya na nyutro, ukibonyeza swichi unapiga shoti.

Nyumba mpya zina kahawia na bluu, lakini mtego ni uleule. Fundi huutambua waya huo kwa mita, umeme ukiwa umezimwa na waya zikiwa zimetenganishwa. Usibahatishe.

2. Chumba kimoja kinawaka, vinavyofuata giza

Umeme wa taa huruka kutoka chumba hadi chumba. Kagua maungio ya chumba cha mwisho kinachowaka na cha kwanza chenye giza. Mara nyingi utakuta waya umechomoka kwenye konekta.

3. Breka inakata hata swichi zote zikiwa zimezimwa

Huenda skrubu au msumari wa bodi umetoboa waya. Iache imezimwa, uite fundi. Usiweke breka kubwa zaidi ili "ivumilie". Breka inakata ili waya usiwake moto juu ya dari, mahali ambapo huuoni.

4. Taa ya LED inapepesa, au inamulika hafifu ikiwa imezimwa

Kupepesa mara nyingi ni konekta iliyolegea. Mwanga hafifu unaweza kuonyesha kwamba swichi inakata nyutro badala ya moto. Hapo holda ina umeme muda wote, na anayebadilisha balbu anaweza kupigwa shoti.

5. Harufu ya kuungua, au bati linakupiga shoti

Hapa usijaribu chochote. Zima meni, watoe watoto, wasiguse ukuta wala bati. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA.

Mara nyingine, anza na simu yako

Kabla ya kufungua taa yoyote, zima meni, fungua kifuniko, kisha piga picha ya waya jinsi zilivyokaa. Funga tepu kwenye kila waya na uandike namba. Ni kazi ya dakika mbili tu, lakini fundi akija atajua pa kuanzia, na wewe hutalala giza.