Mkono Unaovuma

Anayeingia kwa mara ya kwanza kwenye kitengo chetu cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo hukodolea macho mashine. Mimi, muuguzi, natazama mkono wa mgonjwa. Mashine ikigoma kuna nyingine pembeni. Mshipa ukiziba, hakuna wa akiba kabatini. Kwa hiyo wanafunzi wanapokuja kwa mafunzo, historia ya kazi hii huwa naianzia kwenye mshipa.

Hata hivyo, mashine ilitangulia. Daktari Willem Kolff aliiunda mjini Kampen, Uholanzi, nchi ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Alichukua selofani ya kutengenezea soseji, akaizungushia kwenye pipa la mbao lililolazwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. Mwaka 1943 akamsafisha damu mwanamke wa miaka 29. Kazi ilifanyika vizuri tu, ila kila safari ilibidi apasue ngozi na kufungua mshipa mwingine. Baada ya mara 12, mishipa ya kufungua ikaisha. Mgonjwa akafa.

Miaka mingi ikapita hivyo. Mwenye figo zilizozimia kwa muda aliweza kuvushwa. Ambaye figo zake zilikufa kabisa alirudishwa nyumbani. Ndipo Machi 9, 1960, mjini Seattle, Marekani, timu ya Belding Scribner ikamwekea Clyde Shields, fundi mitambo, mirija miwili ya tefloni mkononi: mmoja kwenye ateri, mwingine kwenye vena, ikaunganishwa nje ya ngozi. Ni tefloni hii hii ya vikaango. Damu haigandi juu yake upesi. Shields aliishi miaka 11 zaidi.  Lakini mrija ule ulikaa nje ya ngozi usiku na mchana. Uliingiza vijidudu, uliziba, na ukichomoka mtu amelala, shuka zililowa damu.

Jibu lilitoka Bronx, New York, na hapa huwa sifichi upendeleo wangu. James Cimino, alipokuwa bado mwanafunzi, alijipatia riziki kwa kutoa watu damu katika hospitali ya Bellevue. Huko aliwakuta askari waliopigana Korea. Majeraha ya vita yalikuwa yamepasua ateri na vena zilizo jirani, zikapona zikiwa zimeungana. Vena iliyozoea damu ya pole sasa inapokea msukumo wa ateri; inatanuka, inakuwa nene, na sindano inaingia bila kutafuta. Madaktari wangapi walikuwa wameiona mikono hiyo? Lakini aliyekaa na sindano akihangaika na mishipa midogo ndiye aliyeikumbuka miaka baadaye.

Februari 19, 1965, katika hospitali ya askari wastaafu alikofanya kazi Cimino pamoja na Michael Brescia, mpasuaji Kenneth Appel aliunganisha ateri na vena karibu na kifundo cha mkono wa mgonjwa, makusudi. Hakuna plastiki, hakuna kinachoning'inia nje. Walipoieleza kazi yao kwenye mkutano wa wataalamu mwaka 1966, wengi hawakushtuka. Scribner alivutiwa, ingawa mrija uliokuwa unapitwa na wakati ulikuwa wake.

Njia hiyo ya kuunganisha mishipa tunaitumia mpaka leo. Ila mshipa huhitaji wiki kadhaa kukomaa kabla ya kuchomwa sindano, na wagonjwa wetu wengi hufika wamechelewa, kwa hiyo huanza na mpira unaoingizwa kwenye mshipa wa shingoni. Wengine wakishaupata mpira hawataki tena kusikia habari za upasuaji.

"Sista, huu mkono utavimba watu wanione," mama mmoja aliniambia.

Utatuna kweli, sikumdanganya. Nikamwekea vidole vyake juu ya mkono wa jirani yake, aliyeridhia, ausikie mtetemo wa damu inayopita. Akacheka. Tukaendelea na masharti: mkono huo usipimwe presha, usiwekewe dripu, usivae bangili ya kubana, usilaliwe. Auguse kila asubuhi. Siku atakayoukuta hautetemi, asingoje zamu yake ya kusafishwa. Aje siku hiyo hiyo, maana damu iliyoganda karibuni mara nyingi bado inaweza kuondolewa.