Ndoano Iliyonaswa: Elimu ya Wavuvi wa Lualaba

Huku kwetu Kasongo na Kabambare tunapenda kuongea habari za misafara toka Ujiji, za Tippu Tip, na za Livingstone aliyefika Nyangwe mwaka 1871. Lakini huyo Livingstone alikaa Nyangwe miezi mizima bila kupata mitumbwi. Wenye mto walikuwa Wagenia, na elimu yao haikuandikwa.

Sehemu moja ya elimu hiyo ni kuokoa ndoano iliyonaswa kwenye gogo chini ya maji. Kijana anavuta palepale, na maji yanasukuma mtumbwi chini. Ndoano inazidi kuingia, kamba inakatika. Mzee anamwambia: «Usivute, mutoto! Zunguka kwanza.» Legeza kamba, piga kasia kuelekea juu mpaka upite lile gogo, kisha vuta toka huko, ndoano irudi ilikoingilia. Ikikataa, simama juu yake, teremsha pete nzito ya chuma kwenye kamba iigonge; pale kina ni kifupi, isukume kwa upondo. Usizungushe kamba mkononi, wala musiegemee wote upande mmoja, mtumbwi utapinduka. Ndoano inanunuliwa, mtu hanunuliwi.

Vita vya 1996–1997 na 1998–2003 vilipokata barabara zetu, vitu vya dukani vikawa adimu, na ndoano moja ikawa mali. Waliojua kuzunguka ndio waliendelea kulisha nyumba zao. Basi ndugu wasomaji, tuwaulize wazee wa mtoni wangali hai, na tuandike.