Sindano na Ziwa

Baba mdogo alitapika damu alfajiri, ndiyo kwanza ametoka kuvua. Kwetu Magu, kando ya Ghuba ya Speke, damu ya namna hiyo hutafutiwa mchawi kabla ya daktari. Jirani yetu mmoja akatajwa.

Hospitalini Mwanza walimpitisha mpira wenye kamera kooni. Mishipa ya umio imevimba, tukaambiwa, na moja imepasuka. Chanzo: kichocho.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, kwa hiyo nikafanya ninachokijua: nikatafuta tarehe.

Mwaka 1851, daktari Mjerumani Theodor Bilharz aligundua mjini Cairo mnyoo anayeishi ndani ya mishipa ya damu ya binadamu. Kichocho cha tumbo, kilichoenea ziwani kwetu, huletwa na ndugu wa mnyoo huyo. Mayai yake hunasa kwenye ini na kuacha makovu. Damu ikikosa njia hurudi nyuma, ikajaza mishipa midogo ya umio hadi inapasuka.

Tiba nayo ilianzia miguuni. Tangu karne ya 19, madaktari wa Ulaya walidunga dawa kwenye mishipa ya miguu iliyovimba: dawa huunguza ukuta wa ndani, damu huganda, kovu huziba mshipa. Mwaka 1939, Crafoord na Frenckner wa Uswidi walilipeleka wazo hilo kooni. Dawa waliyodunga ilikuwa na kwinini, ileile chungu ya malaria. Siku hizi madaktari wengi huufunga mshipa kwa kijipira. Siku ile vijipira havikuwapo. Baba mdogo akadungwa sindano. Damu ikakata.

Lakini tarehe iliyoniuma ni nyingine. Prazikwanteli, vidonge vinavyoua mnyoo huyo, vipo tangu miaka ya 1970. Mimi nilivimeza shule ya msingi, tukipangwa foleni na kupimwa urefu kwa fimbo ili ijulikane kila mtoto ameze vingapi. Baba mdogo aliacha shule darasa la nne akaingia mtumbwini. Fimbo ile haikumpima.

Amesharudi ziwani. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Tutakula nini, mwanangu?" Sindano iliziba mshipa, maji ni yaleyale.

Na yule jirani ndiye aliyetukopesha nauli ya kwenda Mwanza. Nauli tumeshamrudishia. Kumwomba radhi, bado.